Kufunga mwamba wa pweza: jinsi ya kujua kama kweli inalipa

Kama unaishi pwani na kijiji chenu kinavua pweza basi zile picha lazima ushaziona, mwamba ulifungwa miezi mitatu (marufuku kuvua hapo), siku ya kufungua kina mama wanatoka majini na pweza wa kilo tatu kilo nne wananing'inia, mwenyekiti anacheka, mgeni wa wilayani anapiga selfi. Baada ya hapo mtu anasimama kwenye kikao anasema na sisi tufunge bana, mbona wenzetu wanapiga hela. Sio wazo baya hata kidogo, mimi mwenyewe nalipenda. Ila ile picha inakuonyesha upande mmoja tu wa daftari, ule wa mapato. Upande wa pili, yaani kile ambacho watu hawakukivua miezi yote ile mwamba umefungwa, haupigwi picha. Na kama hamjaujua huo upande wa pili mnaweza mkafunga, mkafungua kwa ngoma na hotuba, kumbe mmepata hasara na hakuna hata mmoja aliyejua.

Kwahiyo hapa ntaeleza jinsi ya kufunga na jinsi ya kuhesabu, ila zaidi kuhesabu, coz kufunga kila mtu anajua, unaweka maboya unasema marufuku.

Tuanze na ilikotoka. Mfano unaofuatwa na wengi ni wa Madagascar, kusini magharibi, kijiji cha Andavadoaka, mwishoni mwa 2004 walifunga sehemu inaitwa Nosy Fasy kwa miezi kama saba hivi wakaifungua katikati ya 2005. Ikaenea. Rodrigues (kisiwa cha Mauritius) wakafuata mwaka 2012 kwa kufunga pweza kisiwa kizima miezi miwili, huku kwetu ikafika Kisiwa Panza kule Pemba, Songosongo, Mafia, Pate kule Lamu na kwengineko. Sasa mwaka 2015 watafiti wakatoa mahesabu ya mara 36 ambazo miamba ya kule Madagascar ilifungwa na kufunguliwa, na hizo namba ningependa kila kamati ya uvuvi izibandike ukutani. Ukilinganisha siku 30 baada ya kufungua na siku 30 kabla ya kufunga, pweza walioletwa nchi kavu kutoka kwenye ile miamba waliongezeka kwa asilimia 718. Mara nane! Lakini pweza kwa kila mvuvi kwa kila mtoko waliongezeka asilimia 87 tu. Umeona hapo? Kilo zimepanda mara nane ila mtu mmoja mmoja hata mara mbili hakufika, maana siku ya kufungua ulimwengu mzima uko mwambani. Mapato ya pweza ya kijiji yalipanda kwa asilimia 132, safi. Alafu wakauliza swali gumu, je kama mwamba usingefungwa kabisa watu wangepata ngapi kwa muda wote ule? Mara 27 kati ya 36 kufunga kulilipa, wastani wa kama dola 305 kila mara. Ila mara tisa zilizobaki hakukulipa. Na zile zilizofanya vibaya, nyingi ndo zile ambazo watu waliripoti wizi mkubwa wakati mwamba umefungwa.

Kwahiyo inalipa, ndio, ila faida yenyewe sio ya uhakika, na vitu viwili vitatu vikiharibika inapotea. Hivyo vitu ndo tunavifata sasa.

Kwanini pweza na sio changu au kamba

Pweza huyu wa mwambani anaishi muda mfupi sana, mwaka hivi au mwaka na nusu, na anakua haraka kuliko unavyodhani. Wa nusu kilo ukimwacha miezi mitatu unaweza kumkuta kilo moja na nusu mpaka mbili. Hakuna benki inayotoa riba hiyo. Samaki kama chewa ukimwacha miezi mitatu hamna kitu cha maana kimebadilika, anataka miaka, na nani atakubali kufunga miaka. Ila hiyo hiyo haraka ina ncha ya pili, ukichelewa sana kufungua wakubwa wanakufa wenyewe. Jike akishataga anaingia shimoni, anaatamia mayai yake hali kitu, na yakianguliwa na yeye anakufa. Kwahiyo usidanganyike kwamba ukifunga miezi mitatu ikalipa basi mwaka mzima italipa mara nne. Hailipi hivyo. Wengi wanakaa kwenye miezi miwili mitatu na sababu ni hiyo.

Na kwanini bila kufunga wanavuliwa wadogo wakati kila mtu anajua wakubwa wana bei? Kwa sababu mwamba wa wazi ni kama kibubu ambacho kila nyumba ina ufunguo wake, ukimwacha pweza wa gramu mia tatu akue hujamwekea mwanao, umemwekea anaekuja nyuma yako na mkuki. Sio ujinga wala tamaa, ni hesabu ya kawaida ya mtu mwenye akili. Sheria ya Tanzania bara inakataza pweza chini ya gramu 500, na bado unawaona sokoni. Kufunga kunabadilisha hiyo hesabu, mradi kila mtu aamini kwamba na mwenzake hachukui. Hilo neno "aamini" ndio kazi yote.

Daftari kwanza, maboya baadae

Kabla hamjafunga chochote anzeni kupima. Mpate mizani yenu ya kijiji, sio ya tajiri (yule mnunuzi wa pweza), naomba hili lisijadiliwe. Mchague watu wawili wanaojua kusoma na wanaokaa pale mwaloni (au dikoni, kule visiwani) wakati wavuvi wanarudi, waandike kila siku ya bamvua (maji yakipwa sana): mwamba gani, watu wangapi walienda, saa ngapi walikaa, pweza wangapi, uzito, bei. Wagawe kwa saizi, chini ya nusu kilo, nusu mpaka moja, moja mpaka mbili, mbili na kuendelea. Miezi mitatu minne ya hii kabla ya kufunga ni kidogo lakini inatosha kuanzia, ukipata mwaka mzima ndio vizuri zaidi maana pweza ana misimu yake na ukilinganisha mwezi mbaya na mwezi mzuri utajidanganya mwenyewe.

Kitu kingine ambacho kinasahaulika karibu kila mahali, pimeni na mwamba mwengine ambao HAMTAUFUNGA. Kwa sababu siku ya kufungua mkipata pweza wengi mtajuaje ni kwa kufunga na sio kwamba msimu tu ulikuja mzuri? Kama mwamba wa wazi nao umejaa pweza mwezi ule ule basi msijisifu.

Kuchagua mwamba

Usifunge mwamba bora kuliko yote, na usifunge ule ambao hauna kitu. Wa kwanza unaumiza watu wengi siku moja, wa pili ni wa kupigia picha tu, na nimeona wazee wanapendekeza ule wa pili kwa makusudi kabisa ili wafadhili waridhike na maisha yaendelee. Kule Madagascar kawaida walikuwa wanafunga kama sehemu moja ya tano ya maeneo ya pweza ya kijiji, ni kipimo kizuri cha kuanzia. Uwe mwamba unaoonekana kutoka nchi kavu, hii ni ya pesa na sio ya uzuri, mwamba unaoonekana ukiwa umekaa barazani unalindwa na macho ya watu bure, ule wa mbali unalindwa kwa petroli.

Alafu angalieni ni nani anautumia. Mwamba wa karibu ambao maji yakipwa unatembeleka kwa miguu ni wa kina mama, na wa ndani zaidi ni wa vijana wenye miwani na mitumbwi. Mkifunga wa karibu, kijana hapotezi kitu, anaendelea kuzamia kwengine. Mama hana kwengine. Alafu siku ya kufungua yule kijana anakuja na miwani yake anamaliza kabla mama hajafika kiunoni. Hapo mama ndio kalipa gharama ya miezi mitatu na kijana kavuna faida, kwenye jumla ya kijiji inaonekana mmefanikiwa, kwenye sufuria la yule mama hamna kitu. Jumla inaficha mambo mengi sana, mtu akikupa jumla muulize jumla ya nani.

Lini mfunge

Hapa kuna ujanja. Gharama ya kufunga ni kile mnachokikosa, kwahiyo fungeni wakati mnakosa kidogo. Miezi ya kusi bahari ikiwa imechafuka wazamiaji wenyewe hawatoki sana, na wavuvi wa dago kutoka mbali nao hawaji kwa wingi kama wakati wa kaskazi, ukifunga kipindi hicho unakosa kilo chache na unalinda kwa bei rahisi. Ila rudi tena kwa yule mama, kusi ndio wakati ambao mitumbwi imelala na kile kipweza chake cha mwambani ndicho kinalisha nyumba. Kwahiyo hamna jibu moja, inategemea mwamba mliochagua ni wa nani. Kama ni wa wazamiaji fungeni kusi. Kama ni wa miguu, ulizeni kina mama wenyewe na muwaulize wakiwa peke yao, sio kwenye mkutano wa hadhara ambapo baba zao na waume zao wamekaa mbele.

Angalieni pia matumizi ya nyumbani. Usifunge ikawa katikati ya kufungwa shule zinafunguliwa watu wanatafuta ada na madaftari, hapo mnawafundisha watu wizi. Kufungua kabla ya Ramadhani au kabla ya Idi watu wakapata hela ya nguo na futari, hiyo inakubalika haraka. Na siku yenyewe ya kufungua lazima iangukie bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yapwe kweli kweli, mkifungua kwenye maji mafu (siku maji hayapwi sana) mmewapa wazamiaji mwamba wote.

Hesabu yenyewe

Namba hizi ni za kutunga, za mfano, weka za kwenu. Tuseme mwamba wenu ukiwa wazi unatoa kilo 150 kwa mwezi, bei shilingi 5,000 kwa kilo. Mnataka kufunga miezi mitatu, mfungue wa nne. Kosa la kila mtu ni kulinganisha mwezi wa kufungua na mwezi mmoja wa kawaida. Hapana. Linganisha miezi minne na miezi minne.

Bila kufunga: 150 mara 4 ni kilo 600, mara 5,000, ni shilingi 3,000,000. Hii ndio namba ya kupigwa, yaani ya kuizidi.

Mkifunga: bamvua la kwanza la kufungua mnatoa kilo 450, wakubwa, tajiri ananunua 6,500, hiyo ni 2,925,000. Bamvua la pili la mwezi ule ule mwamba umeshachanganyika, kilo 120 kwa 5,500, ni 660,000. Jumla 3,585,000. Toa doria, mafuta na posho ya walinzi, tuseme 300,000. Mnabaki na 3,285,000. Faida 285,000.

Ona kwanza kwamba kilo ni 570, pungufu ya 600! Faida yote imetoka kwenye bei ya saizi, sio kwenye uzito. Sasa badilisha kitu kimoja. Siku ya kufungua tajiri anaona mzigo umejaa, barafu hakuna, jua linawaka, anasema nachukua kwa 4,500. Kilo 450 zinakuwa 2,025,000, ongeza 660,000, toa 300,000, ni 2,385,000. Mmepata hasara ya 615,000 na wote mnashangilia coz hamjawahi kuona pweza wengi hivyo.

Rudisha bei 6,500 ila sasa usiku watu wameiba kilo 100. Zinabaki 350, hiyo ni 2,275,000, ongeza 660,000 toa 300,000, ni 2,635,000. Hasara 365,000. Kilo mia moja kwa miezi mitatu ni kitu kidogo sana jamani, ni kama kilo moja na kidogo kwa siku, mtu mmoja mwenye tochi anatosha.

Kuna vitu viwili vya kuongeza upande wa faida ambavyo watu wanavisahau. Miezi mitatu ile watu hawakukaa tu, wengine walienda mwani, wengine shamba, wengine mwamba mwengine, walichopata huko kihesabuni. Ila hicho cha mwamba mwengine muwe waangalifu, kama wote wamehamia kwa jirani na sasa kwa jirani kumeisha, hamjaokoa pweza, mmehamisha mikuki. Na kitu cha pili ni watoto, yale majike yaliyotaga. Vifaranga vya pweza vinaelea na mkondo wiki kadhaa kabla havijakaa chini, vinaweza kukulia kwa kijiji cha pili au cha tatu. Kwahiyo ile faida ya uzazi msiiweke kwenye hesabu yenu kama ya kwenu, ni ya pwani nzima, na ndio maana kufunga kwa zamu na vijiji jirani kuna maana zaidi kuliko kila mtu kivyake.

Kuna wengine watakwambia hela ya miezi mitatu ijayo sio sawa na hela ya leo, na wako sahihi. Mtu ambae anakopa kwa tajiri ili ale, kila mwezi unaomchelewesha unamgharimu. Hata wale watafiti wa Madagascar walilipima hili, na mara ambazo faida ilikuja haraka kiasi cha kumridhisha mvuvi kwa jinsi yeye mwenyewe anavyothamini leo na kesho zilikuwa kati ya 17 na 27 kwa zile 36. Kwahiyo mtu anaekataa kufunga kwenye kikao usimuite mpinzani wa maendeleo, muulize ana deni la nani.

Tajiri

Bei inaamua zaidi ya kilo, tumeona hapo juu, kwahiyo mnunuzi aingie kwenye mpango kabla ya maboya. Wanunuzi wa viwanda wanapeleka Ulaya, kule Italia na Hispania, na wanataka saizi kubwa, kwahiyo kufunga kunawafaidisha na wao na hapo ndio pa kubana. Wiki kadhaa kabla ya kufungua waiteni wawili, watatu, msikubali mmoja, muwaambie siku fulani tutakuwa na mzigo wa makadirio fulani, kila mmoja aseme bei ya kila saizi na alete barafu yake. Iandikwe, isainiwe, bei ibandikwe mwaloni. Kama yuko tayari kutoa kitu kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya doria ya awamu ijayo, chukueni, ila angalieni asikikate kwa mlango wa nyuma kwenye bei.

Shida ni wale ambao tajiri kawapa miwani, mafuta, hata hela ya msiba, hao hawana uhuru wa kuuza pengine na bei yao iko chini muda wote. Hamtalimaliza hilo kwa kufunga mwamba. Ila hela ya kufungua ni hela nyingi kwa siku moja, ni nafasi nzuri ya mtu kulipa deni lote akatoka, wekeni hiyo wazi kwenye kikao cha kina mama wa kukopeshana na kwa vijana pia. Na kama mna uwezo wa kukausha au kugandisha sehemu ya mzigo, au kuna soko la supu ya pweza mjini ambalo halitegemei kiwanda, gaweni mzigo. Hata robo tu ikienda kwengine tajiri anajua hamjafungwa mikono.

Doria na faini

Sheria kwanza, kwa ufupi. Bara pitieni BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi na fukwe) na serikali ya kijiji, mkutano mkuu upitishe sheria ndogo, halmashauri iidhinishe, vinginevyo faini yenu ni maneno tu na mtu akienda mahakamani anawashinda. Zanzibar ni kamati ya wavuvi ya shehia, sheha na idara ya uvuvi. Kenya ni BMU na afisa wa uvuvi wa kaunti. Muwashirikishe vijiji jirani kwa maandishi, maana mwamba hauna ukuta.

Msikataze pweza peke yake, katazeni kila kitu ndani ya eneo. Ukiruhusu samaki, kila mtu mwenye miwani atakwambia anatafuta kangu, na mlinzi hawezi kumpekua kila mtu majini. Wapo wanaobisha kwamba hiyo inaongeza gharama ya kufunga, kweli inaongeza kidogo, lakini wizi unaongeza zaidi.

Walinzi wasiwe wa kujitolea. Watu wanapenda sana hili neno, kujitolea, na bamvua la pili hakuna aliyejitolea. Mlinzi analinda mali ya kijiji kizima huku yeye mwenyewe havui usiku huo, mlipeni, hata kidogo, na msiwe na doria ya boti kila siku kama mwamba unaonekana, pelekeni nguvu kwenye siku za bamvua na usiku wa bamvua kwa sababu ndio pweza anashikika kwa miguu. Maji mafu walinzi wapumzike.

Faini ianze ndogo ipande. Elinor Ostrom, mama aliyepata Nobel ya uchumi 2009 kwa kazi ya namna watu wanavyosimamia mali ya pamoja wenyewe bila serikali kuwashika mkono, hili ni moja ya mambo aliyoyakuta sehemu nyingi duniani ambako mambo yalidumu: mara ya kwanza onyo na faini ya kulipika, mara ya pili zaidi, mara ya tatu ndio unamnyima siku ya kufungua. Mkianza na faini ya laki tano hakuna atakaemripoti mtoto wa dada yake, mtafumba macho wote. Na faini ya kwanza kabisa ikimuangukia ndugu wa mwenyekiti na ikalipwa, hapo mmemaliza nusu ya doria yenu. Isipolipwa, fungueni mwamba kesho yake msipoteze muda, nasema kweli, maana kuanzia hapo mnawatunzia wezi.

Siku ya kufungua

Kiingilio kwa wageni, bei tofauti na wenyeji, tiketi itolewe siku kabla. Kina mama wa miguu waanze, saa nzima au bamvua zima la kwanza kama mwamba ni wao, wazamiaji baadae. Marufuku nondo na kuvunja matumbawe, watu mia mbili wakipita na vyuma mwambani mmeharibu mashimo ambayo pweza wa awamu ijayo alitakiwa ayakute. Jike aliye shimoni na mayai aachwe, amekonda hana hata bei. Chini ya nusu kilo anarudi majini, na hapa mizani mbili zinahitajika, moja mwanzoni mwa mwamba na moja mwaloni.

Kila kilo ipite kwenye daftari kabla haijafika kwa tajiri, na hizo kumbukumbu ziendelee bamvua la pili na la tatu, maana wengi wanaacha kuandika siku ya kwanza jioni wakiwa wamechoka na wana hela, alafu ile hesabu ya miezi minne haifungiki tena.

Wiki moja baadae bandikeni karatasi moja mwaloni, mstari kwa mstari, kilichopatikana, ambacho kingepatikana bila kufunga, doria imekula ngapi, kiingilio na faini zimeingia ngapi na ziko kwa nani. Ikitoka faida mnagawa sehemu ya doria ijayo mnaendelea. Ikitoka hasara angalieni imetokea wapi. Ikiwa ni bei, mwamba hauna kosa, badilisheni wanunuzi. Ikiwa ni wizi, hamisheni kwenye mwamba unaoonekana au punguzeni ukubwa. Ikiwa kilo zenyewe hazikuongezeka na mwamba wa wazi nao haukuongezeka, inawezekana mmefunga msimu mbaya, jaribuni miezi mingine. Na ikiwa mara ya tatu bado namba ni chini ya ile ya kupigwa, acheni mwamba wazi, ile hela ya doria ikanunue barafu.